Idadi ya Wakazi

Wilaya ya Shivelga ina upana wa kumchosha farasi
na watu wasiojaza uwanja mmoja wa mpira.
Kaskazini msitu wa misonobari, kusini msitu huohuo,
magharibi kinamasi ambacho kila ramani hukipaka buluu
kwa kukosa rangi ya kitu
kisicho maji wala nchi kavu.

Mpaka wa mashariki unapita katikati ya mto.
Ndivyo sheria inavyosema: katikati.
Lakini mto haukusomeshwa sheria.
Mwaka wa mafuriko ulijipinda kiuno, ukala ukingo,
na zizi la Pakhom Zuyev likaamkia wilaya jirani,
ng'ombe kumi na wawili wamejilaza vilevile,
wakicheua.
Barua za kuwarudisha zimejaza faili mbili.

Mimi ni karani wa ardhi, chumba namba saba, juu ya posta.
Nilipoanza kazi palikuwa na mabaraza ya vijiji kumi na moja.
Wakayaunganisha yakawa sita, kisha matatu,
kisha likaja agizo la mkoa, karatasi nzito, muhuri wa tai,
kwamba sasa sote ni kitu kimoja.
Umoja ni nguvu, tunajua.
Ila basi bado ni Jumanne na Ijumaa,
tabibu bado ni mmoja,
na pikipiki yake ya theluji bado inasubiri spea.

Februari wakanituma Goreloye,
maana kijiji kikikosa mkazi hufutwa daftarini.
Nikavuka kwa barabara ya barafu,
ile ninayoichora kwa nukta
kwa sababu huzaliwa Januari na kufa Machi.

Nyumba ishirini na tatu. Moshi mmoja.
Kapitolina Savvishna alinifungulia kabla sijabisha;
alinisikia tangu mtoni, theluji haifichi hatua.
"Umekuja kunihesabu," akasema. "Haya, hesabu.
Anzia kule," akaninyooshea kidole makaburini.
"Kule tuko mia nne na kumi.
Huku wameniacha nifunge mlango."

Akanipa chai, na jamu ya matunda ya kinamasini.
Nikajaza fomu. Idadi ya wakazi: mmoja.
Mbuzi hana safu yake.
Nje, juu ya nguzo, taa ya barabarani ilikuwa inawaka
saa kumi alasiri, maana giza la huko halingoji jioni.
Wilaya ndiyo inayoilipia umeme. Kanuni inasema
palipo na mkazi, hata mmoja, pawe na taa.
"Haiwaki kwa ajili yangu," akasema.
"Mimi kwangu napajua hata nikiwa kipofu.
Ni ya walioko barafuni."

Usiku ule, nikirudi, upepo ulifuta njia yote.
Niligeuka nyuma mara nne.
Sitasema zaidi.

Alifariki Aprili, barafu imeshakatika.
Wachimba kaburi walivushwa kwa boti ya zimamoto.
Mia nne na kumi na moja.

Faili likanirudia mezani: Goreloye, ifutwe.
Nikakaa nalo siku tatu, nikiliwekea kikombe juu.
Siku ya nne nikashuka ngazi hadi dirisha la usajili,
nikapanga foleni nyuma ya mama mwenye ndoo ya samaki,
nikaomba kuhamisha makazi yangu.
Kutoka: Mtaa wa Kitani, namba nne.
Kwenda: Goreloye.
Sababu ya kuhama: nikaandika taa,
nikaikata, nikaandika afya.

Nelli Arkadyevna akanitazama juu ya miwani.
Alikuwa anajua. Katika wilaya hii hakuna asiyejua.
Akagonga muhuri, akapuliza wino,
akaniuliza kama uyoga wa kule bado ni mwingi.

Nikamjibu sijui.
Ndiyo kwanza nahamia.